Namba ya Mzee: nilivyochagua gramafoni ya kumpelekea mkwe Masanze

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Nyie wengine nawaitikia marahaba kabisa, tusipoteze muda.

Juzi kuna kijana kafungua uzi humu anauliza achague turntable gani ya high-end, yaani gramafoni za kisasa za kifahari, kwa ajili ya sebule yake. Nimesoma majibu yote. Mmoja anasema inayozungushwa kwa mkanda, mwingine anasema mkanda ni ushamba. Mmoja anataka sindano ya almasi, mwingine anasema ile sahani ya chini iwe nzito kama jiwe la kusagia. Wamemchanganya mtoto wa watu mpaka mwisho kaandika kwamba bora anunue baiskeli.

Mimi nina neno moja tu la kumwambia, ila haliwezi kukaa kwenye comment. Lazima nilisimulie.

Ni kisa cha kweli. Chumvi nitaweka, hilo siahidi kuacha, mke wangu kajaribu kunitibu ugonjwa huo tangu ujana na ameshindwa. Lakini nyama yenyewe ni ya kweli, na shahidi yupo hapa pembeni anachambua mchicha.

Twende.

Ni enzi zile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa kibarua kwenye kambi ya ujenzi wa barabara kule Mikumi. Mchana nabeba kokoto, jioni nakaa darasani ngumbaro. Kwa watoto wa siku hizi, ngumbaro ni yale masomo ya jioni ya watu wazima, mnasoma herufi huku mgongo unauma.

Nilipohitimu, wakuu, nilikuwa nazijua herufi kuliko aliyezitunga. Nilisoma kila kitu kilichoandikwa. Mifuko ya saruji, pakiti za sigara, vibao vya kuonya magari yasigonge wanyama. Nilivisoma kwa sauti mpaka tembo wa Mikumi walikuwa wanasimama kando ya barabara kunisikiliza, na mmoja nadhani alifika mpaka herufi M.

Basi. Siku za mapumziko nilikuwa napanda treni kwenda Kilosa mjini. Pale mtaa wa Magomeni kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, na mpwa wake alikuwa anakuja kumsaidia. Binti anaitwa Mwajuma.

Nilikula vitumbua vile mpaka nikaanza kufanana navyo. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, sema unachotaka, vitumbua vitakuua."

Nikasema.

Mwajuma alikuwa anaishi kijijini Masanze na baba yake, Mzee Senyagwa, fundi wa reli aliyestaafu. Mzee wa watu, mkimya, sharubu zake zimenyooka kama zimepimwa. Mkewe alifariki Mwajuma akiwa bado ananyonya, na mzee hakuoa tena. Alimlea binti mwenyewe pamoja na dada yake huyo wa vitumbua.

Nikamtuma mshenga. Mshenga wangu alikuwa Kibwana, kibarua mwenzangu na tuliyekaa naye dawati moja ngumbaro. Kibwana alikuwa na mdomo wa kumuuzia samaki maji.

Alirudi Mikumi uso umemkunjamana.

"Mzee hajakataa," akasema.

"Sasa mbona umenuna?"

"Kasema mahari atazungumza na ndugu zake, hilo si gumu. Ila yeye ana lake moja. Anataka umpelekee gramafoni."

"Gramafoni gani?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Kasema, 'Achague mwenyewe. Nataka nione anachagua vipi.'"

Ndugu zangu, ngojeni kwanza niwaeleze kwa nini gramafoni.

Zamani, kabla ya uhuru, walipita watu Kilosa na gari lenye mitambo, wakarekodi vikundi vya ngoma vya kina mama. Mama yake Mwajuma alikuwa ndiye mwimbishaji wa kikundi chao. Sahani moja ya santuri ikamfikia mzee. Moja tu. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, basi akawa anamsikiliza mkewe akiwa hai, na akaendelea kumsikiliza alipofariki.

Halafu mto Mkondoa ukafurika ukaingia ndani ya nyumba. Mzee alikuwa na mikono miwili na vitu viwili vya kuokoa, mtoto na sahani. Gramafoni ikaenda na maji.

Tangu hapo sahani ile ilikuwa imefungwa kwenye kanga ya marehemu, juu ya kabati. Haijawahi kulia tena. Na mzee hakukubali itoke nje ya nyumba, hata kwenda kujaribiwa. Angeitoa mtu akaivunja njiani, ndiyo basi tena.

Mwajuma aliniambia mwenyewe pale Magomeni, anapuliza moto wa vitumbua: "Mimi mama yangu namjua kwa harufu ya kanga tu. Baba akijaribu kunionyesha alivyokuwa anaimba, anaimba kama treni ya mizigo. Nataka nimsikie mwenyewe."

Akanitazama kwa macho yenye moshi. "Usichague vibaya."

Wakuu, pale suala la mahari likanitoka kichwani. Nikaona nikikosea mashine, nitakuwa nimemzika mama wa watu mara ya pili.

Safari ya kwanza ilikuwa dukani, Kilosa mjini.

Walikuwa nayo moja, mpya. Nyekundu! Kingo za kung'aa, mfuniko wa kioo, kipini kama cha mkoba wa bibi harusi. Ukiitazama muda mrefu unaona aibu. Muuzaji, kijana anaitwa Sefu, akaweka sahani ya dansi, na wallahi sauti iliyotoka pale ilinifunga kamba za viatu. Na nilikuwa nimevaa ndala.

Kulikuwa na kitasa kidogo cha kugeuza pembeni kimeandikwa namba mbili. Mimi kama kawaida yangu nikazisoma kwa sauti ili duka zima lisikie. "Thelathini na tatu! Arobaini na tano!"

Sefu akasema, "Hongera kaka, unajua kusoma."

Sikuuliza zina maana gani. Mhitimu wa ngumbaro alikuwa haulizi maana ya kitu alichokwisha kukisoma, ingekuwa kujivunjia heshima. Nikamwambia aniwekee, mshahara ukitoka naifuata.

Nikarudi Mikumi naota rangi nyekundu.

Sasa pale kambini kulikuwa na mhandisi wa kizungu aliyekuwa amemaliza kazi, anafungasha kurudi kwao. Vitu vingine akamwachia mpishi wake, Yohana. Kibwana akasikia kwamba kimojawapo ni gramafoni, na Yohana anaiuza.

"Twende tukaione," Kibwana akasema.

"Ya nini? Mimi nina yangu nyekundu."

"Twende tukaitukane tu."

Tukaenda kuitukana.

Na kwa kweli ilistahili. Sanduku la kijivu, zito kama limebeba reli ndani, limekwaruzwa kila upande. Kwa kuwa lilikuwa linakaa jikoni, ulifungua mfuniko ukakutana na harufu ya vitunguu. Linatumia betri za tochi. Kibwana akaanza mara moja: "Yohana, hiki ni chombo cha muziki au kabati la kuku?"

Yohana hakujali. "Cheka, lakini linalia."

Mimi macho yakaenda kwenye kitasa. Lilikuwa na namba nne. Nikasoma, nafikiri mpaka Iringa walisikia. "Kumi na sita! Thelathini na tatu! Arobaini na tano! Sabini na nane!"

Kibwana naye msomi. Akakunja uso. "Mbona zinafanana na umri wa watu?"

Nikazisoma tena, safari hii polepole.

Nikamgeukia Yohana. "Bwana wako alikuwa anaweka ngapi?"

"Thelathini na tatu, kila siku."

"Na yeye ana miaka mingapi?"

Yohana akafikiri. "Mmh. Kama thelathini na kitu."

Kibwana akanishika mkono.

"Hakuna siku aliyoweka arobaini na tano?"

"Ipo. Siku aliyokuja mgeni wake, mtu mzima kidogo, ana upara. Walileta sahani ndogondogo, wakaweka arobaini na tano."

"Na sabini na nane?"

"Hiyo sijaiona ikitumika," Yohana akasema. "Mzee hajawahi kufika hapa."

Wakuu, hapo shaka iliisha. Kila mtu kapewa namba kwa umri wake! Kumi na sita ya watoto, thelathini na tatu ya vijana, arobaini na tano ya watu wazima, sabini na nane ya wazee. Yohana akatuonyesha na kile kichwa cha mkono wa gramafoni. Kina sindano mbili, unageuza, na upande mmoja pameandikwa tena 78. Yaani mzee ana mpaka sindano yake peke yake!

Nikajisemea, hawa watu waliotengeneza sanduku hili wana adabu kuliko nilivyodhani.

Halafu nikakumbuka ile nyekundu.

Inaishia arobaini na tano! Mzee Senyagwa kwa kumtazama tu ana sabini na kitu! Nilikuwa nataka kumpelekea mkwe mashine isiyomtambua. Ni sawa na kuingia nyumbani kwake, nisalimie vijana, nisalimie na shangazi, halafu yeye nimpite kama nguzo. Masanze nisingekanyaga tena.

"Nachukua hili," nikasema.

Kibwana akaruka. "Unaacha bibi harusi dukani unachukua bibi kizee wa jikoni? Mimi ndiye mshenga, uso wangu nitauficha wapi?"

"Nyekundu haina nafasi ya mzee."

"Lakini ni nyekundu!"

"Kibwana. Wewe ungempelekea baba yako kiti kisichomtosha kwa sababu kina rangi nzuri?"

Akalizunguka lile sanduku mara moja. Halafu akasema polepole, "Basi angalau tukifute hicho kitunguu."

Tulikifuta kwa sabuni, tukakifuta kwa majivu, kwa limau. Mpaka leo nikikatiwa kachumbari nasikia muziki.

Tukapanda nalo treni mpaka Kilosa, kutoka hapo tukalifunga nyuma ya baiskeli tukasukuma mpaka Masanze. Tulifika baada ya sala ya alasiri. Habari ilikuwa imetutangulia, na uwanja wa Mzee Senyagwa ulikuwa umejaa utadhani anakuja kiongozi wa taifa. Nasema waliokuwepo ni kijiji kizima na nusu ya kijiji jirani cha Mvumi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akalitazama lile sanduku la kijivu. Mwajuma alikuwa mlangoni, naye akalitazama, halafu akanitazama mimi. Kibwana akaanza kukagua kucha zake.

Kabla mzee hajatia neno, mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Ndugu zangu, katika hali hii ya ujamaa lazima tuelewane. Chombo hiki ni cha mtu mmoja au ni cha kijiji?"

Mzee akajibu bila kumgeukia, "Chombo ni changu. Masikio ni ya kijiji."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti naye akapiga.

Nikaanza na sahani ya dansi niliyoazima, ya majaribio. Na kwa heshima zote, mbele ya umati, nikatangaza: "Baba, mashine hii ina namba yako." Nikageuza kitasa mpaka sabini na nane.

Mungu wangu.

Waimbaji walitoka mle mbio kama panya waliomwagiwa maji ya moto. Wimbo mzima uliisha kabla sijasimama vizuri. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko.

Mzee akauliza kwa utulivu kabisa, "Hawa wanakimbilia wapi?"

Kibwana akaninong'oneza, "Namba siyo ya msikilizaji, ni ya mwimbaji! Hao ni watu wazima, rudisha arobaini na tano."

Nikarudisha. Ikalia vizuri, tamu, watu wakatikisika. Mwenyekiti akacheza peke yake katikati kwa niaba ya kijiji. Mimi nikapumua.

Ndipo mzee akaingia ndani, akatoka na kanga.

Aliifungua pembe moja, pembe ya pili, taratibu. Sahani nyeusi, nzito. Akanikabidhi kwa mikono miwili, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili.

"Marehemu alikuwa na umri gani alipoimba, baba?" nikauliza, kitaalamu kabisa.

"Alikuwa kijana. Hakuwa na hata thelathini."

Basi nikaweka thelathini na tatu.

Wakuu, sijui niielezeje sauti iliyotoka. Ilikuwa sauti ya dume, nzito, inajikokota, kama mtu anayelalamika kutoka chini ya kisima. Hakuna neno lililosikika. Bibi mmoja alianza kusoma dua. Watoto waliokuwa wanacheka wakajificha nyuma ya mama zao.

Mzee alisimama.

"Huyo nani?"

Niliinua mkono wa gramafoni.

"Nimekuuliza, huyo nani? Huyo si mke wangu."

Akaanza kuikunja ile kanga. Kibwana, mdomo wake wote ule, akaanza kuzitafuna kucha zake. Mimi nikaona vitumbua, treni, Mwajuma, vyote vinaenda na maji ya Mkondoa.

Ndipo Mwajuma akatoka mlangoni. Akaja akachuchumaa karibu na lile sanduku, akazitazama zile namba. Yeye alikuwa anajua namba vizuri, anazitumia kwenye vitumbua.

"Hizi namba ni za umri?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na mama umemweka na vijana."

"Baba amesema alikuwa kijana."

"Alikuwa," Mwajuma akasema. "Lakini yuko kwenye kanga hiyo siku zote hizi pamoja na baba. Wewe unadhani baba kazeeka peke yake?" Akanyoosha kidole. "Mpeleke kwa baba."

Nilimtazama mzee. Kanga mkononi, ameacha kukunja. Akatikisa kichwa kidogo, kukubali.

Nikageuza kitasa mpaka sabini na nane. Nikageuza na sindano, upande wa wazee.

Kwanza ikatoka mikwaruzo, kama mvua inanyesha kwenye majani ya migomba. Halafu ngoma. Halafu akaingia mwanamke anaimba, sauti kali, safi, ya mtu anayejua kwamba anajua. Kina mama wanamwitikia. Akawatania katikati ya wimbo, wakamjibu, na mwisho kabisa, wakati ngoma inanyamaza, akacheka.

Wakuu, kicheko kile mimi nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekisikia Magomeni kila siku ya mapumziko, juu ya karai la mafuta.

Mwajuma alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono.

Mzee akasema neno moja. "Ndiye."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alivua kofia.

Baadaye mzee aliniita pembeni. Akaniuliza kwa nini niliacha ile nyekundu ya dukani, maana kumbe habari hiyo nayo ilimfikia. Nikamweleza ukweli wangu: nyekundu haikuwa na namba yake.

Akacheka mpaka sharubu zikapinda. Akasema, "Kumbe uliniwekea nafasi. Basi mlete mshenga wako tumalize, kabla hajala kucha zote."

Sasa najua humu kuna mafundi ambao wameshashika vichwa. Tulieni. Nilikuja kuambiwa. Miaka kadhaa mbele mwalimu mmoja alinieleza kwamba zile namba ni mizunguko kwa dakika, na sahani za zamani zilitengenezwa zizunguke haraka. Angekuwa na ile nyekundu, mzee asingemsikia mkewe kamwe. Nilipata mashine sahihi kwa sababu ambayo haipo duniani.

Niliondoka kwa mwalimu mbio kwenda kumweleza mkwe. Nilipofika, nilimkuta barazani na jirani, ameweka mkono juu ya lile sanduku. Anamwambia, "Hii ni namba yangu mimi. Mkwe wangu ndiye aliyenitafutia."

Nikamwamkia, nikakaa, nikanywa chai. Mzunguko kwa dakika sikuutaja.

Mzee hakujua mwaka aliozaliwa. Tangu siku ile ya santuri, ukimuuliza umri anasema sabini na nane. Mwaka uliofuata, sabini na nane. Kila mwaka sabini na nane, mpaka alipotuaga. Nasi hatukumbishia, maana hakuna namba nyingine mbele yake kwenye kitasa.

Sasa nirudi kwa kijana wa turntable.

Mjukuu wetu wa Dar naye kanunua ya kwake, mashine ya kifahari, inang'aa kama daftari la mtoto wa tajiri. Mwezi uliopita alituita kwake tuione. Nikavaa miwani, nikasoma kitasa kwa sauti. Thelathini na tatu. Arobaini na tano. Mwisho.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nzuri sana. Lakini mama yake bibi yako umemwacha nje."

Hakuelewa, ila sasa anatafuta nyingine.

Kwa hiyo kijana, mkanda, sindano ya almasi na uzito wa sahani, hayo wataalamu wa humu watakusaidia. Mimi nakwambia kabla hujafika dukani, ingia kwanza ndani, tazama juu ya makabati ya wazee wako, uone wamehifadhi nini. Halafu ndiyo uchague mashine.

Lile sanduku la kijivu bado lipo. Mkanda nimebadilisha, betri ndiyo usiseme. Na wiki iliyopita wakuu, kwa kadi yangu ya ngumbaro ambayo ndiyo cheti changu pekee cha kuzaliwa, nilitimiza miaka sabini na nane.

Mwajuma hakupika keki. Alipangusa vumbi, akafungua kanga, akageuza kitasa mpaka mwisho. Mama yake alipofika pale penye kicheko, na yeye akacheka, wawili kwa pamoja, huwezi kujua nani ni nani.

Akaniambia, "Haya mume wangu. Leo nawe umefika kwenu."

Nawasikiliza wakuu. Nani mwingine humu ana sauti ya mtu wake imekaa kwenye sahani au kaseti na hana cha kuipigia? Semeni, tutafutiane mashine. Na fundi atakayeanza kunifundisha mizunguko kwa dakika, Mwajuma anasema aje kwanza ale vitumbua.